Hotuba ya Kumpongeza Mheshimiwa Mrundikano

Nimepewa dakika chache nimpongeze mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mrundikano, mlezi wa waandishi, wachoraji, wanamuziki na kila mwenye wazo zuri ambalo bado hajalianza. Waliosimama naomba wakae. Viti vipo, ila vimekaliwa na nguo.

Nianze na nasaba, maana huyu si mtu wa juzi. Kwa upande wa mama anatoka ukoo wa Akiba Haiozi. Kwa upande wa baba, ukoo wa Usitupe Mbachao kwa Msala Upitao. Makao yake makuu ni uvunguni mwa kitanda. Humo ametunza chaja ya Nokia yenye pini nyembamba, ambayo simu yake ilishaibwa. Rimoti ya televisheni iliyouzwa. Funguo za makufuli yasiyojulikana. Na kopo la biskuti ambalo kila mtoto wa nyumba hii amewahi kulifungua kwa furaha akakuta sindano na nyuzi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini nyuma ya mlango wa jikoni bado unaning'inia mfuko wa rambo uliojaa mifuko ya rambo. Kuna nyaraka za taifa ambazo hazijawahi kutunzwa hivyo.

Zamani chumba kikijaa, naye alikoma. Siku hizi amehamia kwenye simu, na huko ndiko alikopandishwa cheo. Mwanamuziki akishtuka usiku na sauti mpya kichwani, akaikimbilia simu airekodi, simu humjibu kwa adabu kwamba nafasi imejaa. Imejazwa na nini? Na maua ya "Asubuhi njema" kutoka kwa shangazi, video ya mbuzi anayecheza ambayo imetumwa na magrupu manne tofauti, kadi za mchango, na grupu la kamati ya harusi ambayo maharusi wake wameshapata watoto wawili na mweka hazina bado anakumbushia ahadi. Ile sauti ikipotea, msimlaumu mheshimiwa. Huenda ilikuwa mbaya.

Kwenye kompyuta ndiyo usiseme. Fungua ya mwandishi yeyote utakuta faili linaitwa "Hadithi", jirani yake "Hadithi mpya", halafu "Hadithi mpya ya mwisho", "Ya mwisho kabisa", na "Ya mwisho kabisa TUMIA HII". Ukiyafungua yote matano, aya ni ileile moja. Nani mwingine angeweza kumfanya mtu wa aya moja ajione ana maktaba?

Wenye wivu hudai kwamba mheshimiwa hana elimu. Wajibuni kwa mfano wa mwanasayansi Alexander Fleming: alirudi kutoka likizo Septemba 1928, katika Hospitali ya St Mary's, London, akakuta vile visahani vya bakteria alivyoviacha vimerundikana. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na bakteria waliokuwa jirani na ule ukungu walikuwa wamekufa. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa dawa ya penisilini, na mwaka 1945 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi Florey na Chain. Wachokozi huongeza kwamba Fleming alikuwa amehangaika na bakteria kwa miaka mingi, ndiyo maana alijua anachokiona. Hiyo nusu sisi hatukuichukua. Tumechukua ile nyepesi: sufuria ya ugali hatujaiosha, ukungu upo tayari, tunasubiri simu ya Nobel kutoka Stockholm.

Mchoraji Francis Bacon naye alifanya kazi kwenye chumba kimoja London, kimejaa makopo ya rangi, vitabu vilivyochanika na picha zilizokanyagwa. Baada ya kufariki mwaka 1992, chumba kizima kilihamishiwa kwenye jumba la sanaa la Hugh Lane, Dublin. Wanaakiolojia walichora ramani ya kila kitu kilipolala, na vitu vilivyoorodheshwa vilizidi 7,000. Changu kikihamishwa, atakayekihamisha ni mama mkwe, na ramani hatachora.

Hata sayansi ya saikolojia imemkumbuka. Mwaka 2013 Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza kwamba watu waliokaa kwenye chumba cha fujo walibuni matumizi mapya zaidi ya mpira wa tenisi ya meza kuliko waliokaa kwenye chumba nadhifu. Katika jaribio jingine la utafiti huohuo, waliokaa kwenye chumba nadhifu walichangia misaada zaidi na wengi zaidi walichagua tofaa badala ya chokoleti. Mwaka 2011 watafiti wa Princeton walikuwa wameshaonyesha kwamba vitu vingi vikiwa machoni kwa pamoja hugombania nafasi ndani ya ubongo. Utafiti huo hatuusambazi sana kwenye magrupu yetu.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya fadhila yake kuu. Mheshimiwa Mrundikano hutupa udhuru. Ukurasa mweupe unatisha. Humwuliza mtu moja kwa moja kama ana la kusema. Mheshimiwa huja haraka, akaufunika kwa risiti na vikombe, nasi tunatangaza kwamba tutaandika tukishapanga meza. Siku ya kupanga ikifika, ananyoosha mkono wa pili: unaanza kufuta picha za simu, unakutana na ya mwaka 2016, unampigia binamu aliyemo, jua linazama. Ukipanga umemtumikia, usipopanga umemtumikia. Wakuu wa nchi wangapi wana upinzani dhaifu namna hiyo?

Ndugu mwenyekiti, naona kengele imelia. Namwombea mheshimiwa maisha marefu, ingawa hahitaji dua yangu. Kwenu wenzangu nina ombi moja: leo usiku zimeni arifa za simu, sogezeni vikombe, mpate nafasi ya kiwiko kimoja na daftari moja, kisha mfanye kazi. Nafasi hiyo inatosha. Asiyeandika hapo hataandika hata akijengewa ukumbi.