Timu ya Taifa, Nauli Juu Yako

Mwaka 2019 vijana wetu wa Kenya walikwenda Bamako kwenye AfroCAN, mashindano ya wanaocheza ligi za Afrika yenyewe, wakafika fainali na kuzuiwa na Kongo tu. Tangu hapo kila mkubwa wa mpira wa kikapu ni muumini wa ligi ya nyumbani. Vyema. Ila nyumbani kwenyewe ni Nairobi, ukumbi wa Nyayo. Sisi wa Mombasa ni wageni waalikwa.

Tunayo KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, alhamdulillahi, lakini KPA ina bandari nzima nyuma yake. Kijana wa Likoni, anayefunga za pointi tatu kwenye ringi iliyopinda, isiyo na wavu, sharti avuke feri, apande basi la usiku kwenda kwenye majaribio Nairobi, ashuke alfajiri miguu imevimba, kisha aambiwe, haya, ruka! Asiporuka, ataambiwa hana pumzi.

Wateuzi husema mlango uko wazi. Uko wazi, naam, kilomita karibu 500 kutoka Changamwe. Basi mara hii waje wao. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure.