Gari la Kukodi Maskati

Katika mambo yote yanayompata msafiri ughaibuni, sijaona lililo zito kama kudaiwa fedha kwa lugha aliyolelewa nayo. Adaiwapo kwa Kijerumani, au hata kwa Kiingereza, mtu huweza kukunja uso, akataka kuonana na mkubwa wa ofisi, au akajitia hakusikia. Walakini adaiwapo kwa Kiunguja fasaha, baada ya kuulizwa hali za wazee na masika yalivyokuwa, haya humfunga ulimi, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni.

Uwanja wa ndege wa Maskati uko Seeb, na jengo lake jipya la abiria, lililofunguliwa mwaka 2018, ni pana hata msafiri hudhani amekwisha ingia mjini ilhali bado hajaonyesha pasi. Nilikuwa nimeagiza kwa intaneti, tangu niko Unguja, gari kubwa la kupandia milima, kwa kuwa nia yangu ilikuwa kufika Jabal Akhdar, na polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz hawampi mtu ruhusa ya kuupanda mlima huo ila kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Karani niliyemkuta kwenye meza ya magari ya kukodi alikuwa kijana wa kanzu nyeupe isiyo kunjo na kofia ya darizi; akaifunua pasi yangu, akanitazama, uso ukamjaa bashasha.

"Ami! Kumbe watoka nyumbani! Wa wapi Unguja?"

Nikamwambia Mkunazini. Lahaula! Bibi yake mzaa mama kazaliwa papo hapo Mkunazini. Wala si ajabu, kwani Maskati na Unguja zilikuwa chini ya mtawala mmoja zama za Seyyid Said, na baada ya mapinduzi ya 1964 wengi walivuka bahari, hasa Sultan Qaboos alipotawala mwaka 1970 na kuwataka Waomani walio nje warejee. Hata leo mtu huweza kununua samaki, kutibiwa jino na kugombana na jirani huko kwa Kiswahili kitupu. Tukaulizana habari za mitaa, za ndugu, na za watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa, huku Mzungu aliyekuwa nyuma yangu katika foleni akikohoa kikohozi kisichokuwa cha maradhi.

Ndipo akaniarifu, kwa huzuni ya dhati, kwamba gari la milimani siku hiyo halikuwapo, lakini mkataba umeandika "au mfano wake", na mfano wake alikuwa nao. Mfano wenyewe ulikuwa kigari cheupe ambacho mtu mrefu angelikivaa kuliko kukipanda. Nikamwuliza kwa upole ni kwa jambo gani lafanana na lile nililoagiza. Akafikiri kwa insafu, kisha akajibu:

"Ami, nalo lina magurudumu manne."

Ikafuata kadhia ya bima. Bima iliyomo ndani ya kodi, alinifafanulia, humkinga mteja na kila hasara, isipokuwa ya matairi, vioo, paa na upande wa chini. Nikajaribu kuiwaza ajali itakayoepuka vyote hivyo, nikaona labda mlango ufunguliwe taratibu ukutani. Lakini ipo bima ya ziada, kwa riali kadhaa kila siku, na riali moja ya Oman huzidi dola mbili na nusu za Kimarekani. "Siwezi kukuacha uende hivi hivi, ami," akasema. "Bibi akisikia atanilaumu." Nani awezaye kuikataa bima iliyoletwa mbele yake kwa jina la bibi wa Mkunazini? Nikatia sahihi. Fauka ya hayo, katika kadi yangu ya benki zikazuiliwa fedha za dhamana, ambazo, kwa maelezo yake, hazichukuliwi, bali hufungiwa tu, ili mwenyewe awe nazo asiweze kuzitumia.

Nje, katika jua la Julai, tulilizunguka gari pamoja na karatasi iliyochorwa umbo lake, ambayo yapasa kutiwa alama kila penye mkwaruzo. Nilipomwonyesha mstari mrefu katika bampa ya nyuma, aliupapasa kwa kidole akasema, "Hilo vumbi, ami."

Ya barabarani si mengi. Huko watu hupita upande wa kulia, na usukani uko kushoto; indiketa, ambayo katika magari yetu yatokayo Japani iko mkono wa kulia, huko imehamia kushoto, na mahali pake pamekaa waipa, basi kila nilipokaribia mzunguko wa barabara nilikuwa nikiwatangazia watu mvua, katika mji upatao takriban milimita 100 tu kwa mwaka mzima. Magari mengi ya Ghuba hulia kengele yakipita mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Langu halikupata kunisumbua kwa hilo. Pale Birkat al-Mawz askari alilitazama, akanitazama kwa huruma, akaniashiria njia ya kurudi Nizwa, wala ile hoja ya magurudumu manne sikuthubutu kuitoa. Nikala halua chini ya ngome ya Nizwa, na mlima nikautazama kwa mbali.

Siku ya kurudisha gari, lile vumbi la bampa lilikuwa limekuwa mkwaruzo. Nikaitaja bima ya ziada. Akakiri kwamba yafika kila mahali, lakini kwa sharti la waraka wa polisi wenye kuthibitisha ajali. Nami ningepata wapi waraka wa ajali isiyotokea? Nikalipa. Akanishukuru, akaniombea safari njema, kisha akatoa chini ya meza makopo ya halua ya kuwapelekea jamaa zake wa Mkunazini, ambayo uzito wake ulinilazimu kulipa tena kwa shirika la ndege.

Basi, msomaji, ukishuka Seeb ukaulizwa kwa Kiswahili kwenu ni wapi, jibu kwa Kiingereza kwamba hukufahamu. Usome mkataba hadi mwisho, uupige picha kila mstari wa vumbi, utie sahihi, uweke ufunguo mfukoni. Hapo ndipo umwulize hali ya bibi yake.