Sangara wa Ziwa Nyasa

Ukistaafu ubwana shamba, utaalamu haukuachi. Mzee mmoja wa huku Kyela alikuwa amejikalia zake kwenye mikakao yake, akaitwa asaidie kusoma maandiko ya vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia 10. Hizo ni fedha zisizo na riba ambazo halmashauri hutenga kutoka mapato yake ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023. Iliporudi 2024, maandiko yalifurika kama Mto Songwe masika.

Andiko la kwanza lililia na “ukame wa muda mrefu unaoikabili wilaya yetu” na kuomba pampu ya kisima kirefu. Mzee alilisoma kwa sauti asijisikie, maana mvua ilikuwa inatwanga bati. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

La pili, la vijana wavuvi, liliahidi kuvua sangara. Ziwa Nyasa lina usipa, lina mbasa. Sangara ni wa Ziwa Victoria. Tena soko lililotajwa lilikuwa Mwaloni, Mwanza! Wakaitwa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Huyu sangara mtamvulia wapi?”

Wakatazamana. “Mzee, hayo ya steshenari. Sisi tunavua usipa.”

Kumbe hata ule ukame ulinunuliwa palepale. Kijana wa steshenari ana andiko moja kwenye kompyuta. Mteja akija, anabadilisha jina la kikundi, anachapa, anapokea chake.

Wakisi wa Ikombe hawakupitia huko. Akina mama hao wafinyanzi waliandika kwa mkono, kurasa mbili: udongo wanachimba wenyewe, vyungu vinasafirishwa kwa mtumbwi hadi mnadani Lyulilo, Matema. Penye “vihatarishi” waliandika: “Mawimbi.” Penye “mkakati”: “Tunapanga na nyasi katikati.” Mzee akawapa alama za juu bila kuvua miwani.

Vijana wakaagizwa wamwondoe sangara. Andiko likarudi safi, lina jalada la plastiki, sangara hayumo hata mmoja. Sasa lilisema kikundi kitavua usipa wenye uzito wa kilo 40 kila mmoja, na kuuza minofu yake nje ya nchi.

Mzee aliweka kalamu chini, akauliza hiyo steshenari iko mtaa gani.