Grande Barrière na Vijiko Vinne

Kama nawe unaishi na mke, mkwe na sufuria moja, utanihurumia. Siku mke wangu, Mama Kamanda, alipotangaza kwamba anakwenda kupunguzwa tumbo, nilikuwa na tonge la bugali mkononi, nimeshalifinyanga. Sikumeza, wala sikulirudisha.

Alikuwa na kilo 118 kwa urefu wa mita 1.62, na sukari juu. Daktari akagawanya uzito kwa urefu mara urefu, ikatoka 45. Kwa kawaida mtu hufikiriwa kwa operesheni hiyo akifika 40, au 35 kama ana sukari au presha. Mke wangu akafurahi kama aliyefaulu examen d'État: 45, tena bila kusoma!

Shida haikuwa kisu. Shida ilikuwa mama yake, ambaye nyumbani tunamwita Grande Barrière, kama kile kituo cha mpakani hapa Goma, maana hakuna mfuko unaoingia wala kutoka bila yeye kuufungua na kuuliza maswali. Jina nililitunga mimi. Yeye anadhani ni la heshima.

Wiki mbili kabla ya operesheni, daktari alikataza bugali, sukari, mafuta na bia ya Primus. Ini, alieleza, hulalia tumbo, na la mtu mnene hujaa mafuta. Likisinyaa, mpasuaji hupata njia. Nikayarudia yote mbele ya mkwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Papa Kamanda, hata kuku hulishwa kabla ya kuchinjwa."

Siku ya tatu nikafungua chupa ya chai: sombe, mawese yanang'aa juu, na vipande vya nyama chini. Tangu hapo kitindamimba wetu, Kamanda, miaka saba, akawa mkaguzi wa chupa. Hongo yake ilikuwa mandazi mawili, nami nililipa mapema.

Kwa kuwa uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, tukavuka mpaka kwa miguu na kupanda basi hadi hospitali. Wapasuaji walipitisha kamera kwenye matundu madogo, wakatoa karibu asilimia 80 ya tumbo, wakaacha bomba lenye umbo la ndizi. Jioni ile ile akainuliwa atembee, damu isije ikaganda miguuni. Mkwe kwenye simu akapiga kelele: "Wamemkata, halafu wanamtembeza?" Tukarudi na karatasi ya dalili za hatari: homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, moja tu, mkimbie hospitali. Grande Barrière akaibandika ukutani, karibu na picha ya Bikira Maria.

Nyumbani yakaanza maji ya kunywa funda moja moja. Yakafuata maziwa na supu, kisha vya kusagwa, kisha vilaini. Chakula cha kawaida kikaja karibu mwezi wa pili. Vijiko vinne, ameshiba. Cha tano kilitoka kilikoingia. Kunywa maji wakati wa kula ni mwiko. Ni kungoja nusu saa, na Kamanda ndiye aliyeshika saa, kwa simu yangu, mpaka mkuu wangu wa kazi akadhani nimehama mji.

Protini, walau gramu 60 kwa siku. Hapo mkwe aliniokoa: alisaga sambaza wakavu wakawa unga, akanyunyizia kila kitu, hata uji. Samaki hao nao si wenyeji wa Ziwa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani anawaita wageni? Na vitamini, za kila siku mpaka kufa, mkwe anazigawa kama komunyo.

Mwezi wa nne nywele zikaanza kukatika. Daktari alishatuonya, akasema zitarudi, lakini mtaa haukuonywa. Kwetu mke akikonda, anayeulizwa ni mume. Mama muuza makaa akaniambia "pole" kwa sauti inayomaanisha "mlevi we". Ila kilichomuuma Grande Barrière kuliko vyote ni katazo la mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Alikuwa ameshamchagulia mjukuu jina.

Leo Mama Kamanda ana kilo 84. Anamkimbiza Kamanda juu ya mawe ya volkano, na anamshika. Kwa sababu daktari alishauri sahani ndogo, kabatini zimebaki za vikombe tu, na sisi sote tunalia humo.

Juzi, saa mbili usiku, nikatoka "kununua vocha". Kona ile ya mishikaki, nyuma ya moshi, nikaona kitenge ninachokifahamu. Grande Barrière, mishikaki mitatu mkononi. Tukaangaliana kama watu wawili waliokutana mpakani, wote bila jeton ya kuvukia.

"Papa Kamanda," akasema, akinisogezea benchi, "pilipili iko pale."