Mimi Nukta Mimi

Python haina undugu. Nasema hivyo baada ya wiki 2 za kuliandikia programu genge la mke wangu.

Ndani ya klasi niitayo Duka mna methodi mbili: piga_hesabu, niliyoiandika mwenyewe, na toa_risiti, niliyoandikiwa na mpwa wangu. Zinakaa kama wapangaji wa nyumba ya Kiswahili, mlango kwa mlango. Nikamwambia toa_risiti amwite piga_hesabu. Mashine ikajibu kwamba jina hilo haijapata kulisikia. Jirani wa mistari minne juu!

"Mjomba, hujaweka self," mpwa akasema, macho kwenye simu. "Andika self, nukta, ndiyo umwite."

Yaani kumwita mtu wa chumba cha pili nipitie kwa mjumbe wa nyumba kumi! Java ukimtaja ndugu wa klasi moja inaelewa yenyewe. Hii aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991 inataka utambulishwe kila safari.

Nikamtanguliza huyo self. Likaja lalamiko jipya: piga_hesabu hapokei kitu, nawe umemletea kimoja. Nimemletea nini, na nimekuja mikono mitupu? Kumbe mjumbe huingia nawe ndani kimyakimya, na kule piga_hesabu anakoanzia lazima awe amewekewa kiti kwenye mabano.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa self si sheria, ni mazoea tu ya watu. Nikaifuta kote, nikaandika mimi. Mimi, nukta, piga_hesabu. Ikakubali! Mpwa akashika kichwa.

"Mjomba, watu wakiiona hii watatucheka."

Watu gani? Humu tupo mimi, mke wangu na kopo la chenji.

Jioni tukazindua. Mteja wa kwanza, mama wa nyumba ya pili, kilo moja ya viazi na fungu la nyanya. Sasa katika kule kufuta na kuandika upya nilidondosha mabano ya mwisho, na bila mabano Python haimwiti mtu, inakuthibitishia tu kwamba yupo. Penye jumla pakachapwa Kiingereza kirefu cha kueleza piga_hesabu ni wa Duka lipi, na namba iliyoanza na 0x.

Mama akaigeuza risiti juu chini.

"Shemeji, hapa nadaiwa au nawadai?"