Gego la Mwisho na Shauri Lisilokatika

Gego la mwisho ni jino la nane ukihesabu kutoka katikati ya taya. Kwa kawaida mtu huwa nayo manne, mawili juu na mawili chini, ingawa wapo wasioota hata moja, na hao wamebarikiwa bila kujua. Huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati meno mengine 28 yamekwisha kugawana taya yote. Kufika kwake ni kama kupanda daladala la Mbagala saa kumi na moja jioni: viti vimejaa, watu wamebanana, na konda bado anaapa kwamba nyuma kuna nafasi.

Waarabu huliita gego la akili, na Waswahili wengi wamelipokea kwa maana hiyohiyo, wakisema jino la akili au la hekima. Waturuki, kwa uaminifu zaidi, huliita jino la miaka ishirini. Kwa Wajapani ni jino wasilolijua wazazi. Jina hilo lisingefaa Ilala. Huko gego likiuma, wazazi, mashangazi na mpangaji wa chumba cha pili hupata habari kabla ya saa mbili usiku, na kila mmoja ana dawa yake.

Likipata nafasi, gego hili husimama wima kama mengine na halimsumbui mtu. Likikosa, huinamia jirani yake wa mbele, na huo ndio mkao wa kawaida zaidi kwa yaliyokwama. Mengine hulala kabisa ndani ya mfupa. Lenye fujo kuliko yote ni lile lililochomoza nusu, maana kipande cha ufizi hubaki kimelifunika kama kilemba kilichoteleza. Chini ya kilemba hicho huingia punje za wali, nyuzi za embe na vijidudu, na mswaki haufiki. Ufizi huvimba, taya hukaza, na mdomo ulioweza kumeza nusu chapati kwa mkupuo mmoja sasa haupitishi hata kijiko kikubwa.

Maumivu hayo hupenda usiku. Mtu akilala, damu huzidi kuelekea kichwani na msukumo ndani ya uvimbe huongezeka, tena hakuna kelele za mchana za kumsahaulisha. Basi saa nane ya usiku mwenye gego huketi kitandani, hushika shavu, na kukata shauri: kesho linatoka, hata kwa koleo la fundi baiskeli. Asubuhi uvimbe hupungua kidogo, chai ya vuguvugu hupita, na shauri hulegea. Akifika kwenye foleni ya kliniki na kusikia vyuma vikigongana ndani, maumivu hutoweka kabisa. Hugundua kwamba ana safari ya muhimu, akamwachia nafasi yake mama aliyekaa nyuma, na kurudi nyumbani akijiona mkarimu. Saa nane ya usiku hukata shauri upya.

Katikati ya mashauri hayo huja tiba za nyumbani. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kunasaidia kweli. Karafuu nayo haisingiziwi: mafuta yake yana eujenoli, kitu kinachotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe hukitumia katika baadhi ya dawa zao, kwa hiyo bibi wa Pemba alikuwa sahihi muda wote. Aspirini inayopachikwa juu ya ufizi ni habari nyingine. Huunguza ngozi ya kinywa ikawa nyeupe, na aliyekuwa na tatizo moja akaamka na mawili. Kwa kuwa maumivu ya gego la chini husambaa hadi sikioni, wapo wanaokwenda kununua dawa ya matone na kulitibu sikio wiki nzima, sikio lisilo na kosa lolote. Wengine hununua vidonge vya rangi mbili bila kuandikiwa na mtu. Hata antibayotiki sahihi huweza kutuliza uvimbe tu, jino likabaki palepale lilipolala.

Washauri huzidi dawa. Mmoja aling'olewa akaenda kazini siku hiyohiyo; mwingine anamjua mtu ambaye hakurudi kuwa yule yule. Lipo pia dai kwamba kung'oa meno ya juu hupofusha macho. Si kweli, maana mshipa wa kuonea haupiti kwenye taya.

Madaktari nao hawakukubaliana siku zote. Nchini Uingereza, taasisi ya miongozo ya tiba iitwayo NICE ilielekeza mwaka 2000 kwamba magego yaliyokwama lakini hayana ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu. Wamarekani, kwa upande wao, wamezoea kuyaondoa mapema ujanani, kabla mizizi haijakomaa na mfupa haujawa mgumu. Gego moja lingeweza kuachwa London na kung'olewa Chicago, nalo halijafanya lolote.

Wanachokubaliana ni hiki: gego linalovimbisha ufizi mara kwa mara, lililooza pasipozibika, linaloozesha jirani yake au lililozungukwa na uvimbe wa maji mfupani, kwa kawaida litoke. Lililotulia na linalofikiwa na mswaki liachwe, liangaliwe. Katikati ya hayo mawili ndipo picha ya eksirei inapoamua, maana mzizi wa gego la chini unaweza kupakana na mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo wa chini, na mshipa huo ukiguswa, ganzi huweza kubaki kwa wiki, miezi, na mara chache daima.

Aliyekata shauri upesi kuliko wote huenda ni Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1844 alimwona mtu aliyevuta gesi ya kuchekesha akiumia mguu bila kuhisi. Kesho yake alivuta gesi hiyo na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Usiku mmoja tu, na asubuhi hakurudi nyuma.

Siku hizi inatosha sindano ya ganzi. Huondoa maumivu, haiondoi msukumo wala sauti, na sauti ndiyo inayosimuliwa baadaye. La juu mara nyingi hutoka haraka. La chini lililolala huhitaji kupasuliwa ufizi, kuchongwa mfupa kidogo, na kutolewa vipande vipande. Kisha mgonjwa huuma pamba, hupiga simu kazini, na bosi huamini amelewa. Chai humwagikia shati kwa sababu mdomo haujui ulipo. Kuvuta sigara, kutema mate kwa nguvu na kunywa kwa mrija ni marufuku, kwani bonge la damu likitoka, siku ya tatu tundu kavu huuma kuliko jino lenyewe.

Baada ya wiki moja au mbili ufizi huwa umeanza kufunga vizuri. Kinywa kina meno 31. Upande wa pili yupo pacha wa gego lililotoka, kwenye picha amelala vilevile, na asubuhi hii haumi.