Kuku wa Mama Mkwe

Kuku mzima hana washauri. Ngoja aanze kusimama wima pembeni ya banda, mkia chini, macho nusu, uone mtaa mzima ulivyosomea mifugo. Hapa kwetu Morogoro aliyetufundisha hilo ni tetea mmoja mwekundu tunayemwita Diwani, kwa sababu kila akitaga yai moja hulitangaza kana kwamba amezindua zahanati.

Angekuwa kuku wa kununua, mjadala ungekuwa mfupi na ungeishia sufuriani. Lakini Diwani alitoka Kilosa kwa basi, ndani ya tenga, zawadi ya mama mkwe. Kuku wa namna hiyo hafi hivi hivi. Akifa kuna kikao.

Jirani wa kwanza alisema ni mdondo, akaleta pilipili kichaa na majivu. Nikamshukuru, nikaziweka jikoni, zikaliwa na maharage. Mdondo hauna tiba, kinga yake ni chanjo, na Diwani alishapata tone lake jichoni pamoja na wenzake. Tena mdondo ukiingia bandani hauchagui mmoja ukawaacha wengine wakiparua kwa raha zao.

Fundi baiskeli wa pale kona akasema ni gole: kameza kamba, imeziba. Huyu angalau hoja yake ilipimika. Gole likijaa jioni, alfajiri huwa tupu, maana usiku kucha chakula kinashuka kwenye firigisi. Ukilikuta bado gumu, hapo kuna kitu. Basi nikaamka gizani, tochi ya simu mdomoni, nikampapasa kuku shingo. Tupu. Mke wangu akachungulia dirishani akauliza kama siku hizi nimeajiriwa ulinzi.

Likabaki yai. Kuku hutengeneza yai kwa muda wa saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za kulivika gamba. Kalsiamu ikipungua mwilini, gamba linakuwa laini na misuli inakosa nguvu ya kusukuma. Mzigo unakwama mlangoni. Huduma ya kwanza ni kumkalisha kwenye maji ya vuguvugu, yamfike tumboni, kwa dakika ishirini hivi, kisha kumpaka mafuta kidogo pale penyewe. Kuminya ni marufuku, maana yai likipasukia ndani ndipo kuku anapokwenda.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye mafuta, nimechutama uani, shati limelowa, Diwani kwenye beseni la kuogeshea mtoto, niliposikia hodi. Mama mkwe. Bila taarifa.

"Karibu Mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Unamchinja?"

"Hapana, Mama. Namwogesha."

Alinitazama, akalitazama beseni, akamtazama binti yake. Mwanamume ana mambo mengi asiyoweza kumweleza mama mkwe, na nyuma ya kuku ni mojawapo. Nikaficha kidole chenye mafuta mgongoni. "Ana tatizo, Mama. La… la kina mama."

Akaweka mkoba chini, akajifunga khanga vizuri, akaniambia nisogee. Akampapasa tumbo, akaguna. "Lipo." Akaagiza nguo kavu, tenga lenye nyasi, maji ya kunywa, na maganda ya mayai yaliyokaushwa yasagwe. Tenga likapelekwa stoo, kwenye giza. Watoto wakafuata kuchungulia, nami nyuma yao.

"Mwacheni!" akafoka. Kisha akanigeukia. "Kwani wewe, baba, ungeweza mbele za watu?"

Hilo si swali la kujibiwa na mkwe. Niliangalia paa.

Jioni tukasikia matangazo kutoka stoo. Yai lilikuwa halina gamba, ukiligusa linabonyea. La namna hiyo ndilo baya kulisukuma, kwa kuwa misuli haina kigumu cha kushikilia. Fundi baiskeli alipopata habari alisema si ndiyo gole limefunguka. Jirani akaja kudai pilipili zake.

Mama mkwe alirudi Kilosa na habari kamili, pamoja na kile kidole nilichodhani nimekificha. Siku hizi ukweni wakipiga simu huanza na hali ya kuku, watoto baadaye. Na Jumamosi iliyopita shangazi yake mke wangu alishuka kwenye basi na tenga.

"Huyu naye amegoma," akasema, akinikabidhi. "Tumesikia mkunga yuko huku."